Kuzamia kwa Mtungi Kwenye Fungu la Pange: Mwongozo kwa Mzamiaji Mpya

Magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja, mwendo wa mashua wa nusu saa hivi, kuna fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakipwa huwa kubwa la kutosha kupumzikia watu wengi, na yakijaa sana hufunikwa karibu lote. Wenyeji hulijua kwa jina la Pange, na watalii wengi hulifahamu kwa jina jipya la Nakupenda. Pembezoni mwake mwamba wa matumbawe huteremka polepole hadi kina cha mita 14 hivi, kisha hubaki mchanga mtupu. Shule za kuzamia za mjini hupenda kuwapeleka wanafunzi wao hapo kwa mbizi za kwanza za baharini, kwa kuwa si mbali, kina si kirefu, na kisiwa chenyewe cha Unguja hukinga sehemu kubwa ya upepo wa kusi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa kuzamia hapo, au mahali pengine panapofanana na hapo katika pwani yetu, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Hauchukui nafasi ya mwalimu. Kusudi lake ni kueleza mambo ambayo mwalimu huyataja upesi darasani na mwanafunzi huyasahau upesi zaidi anapoiona rangi ya maji.

Jambo la kwanza kati ya hayo ni kwamba kina kifupi hakimaanishi usalama. Juu ya uso wa bahari hewa inatugandamiza kwa kiasi cha bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo), na kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza bar 1 nyingine. Kwa hiyo anayeshuka kutoka juu hadi mita 10 huuongeza mgandamizo maradufu, ilhali anayeshuka kutoka mita 20 hadi mita 30 huuongeza kwa theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba mabadiliko makubwa kabisa ya ujazo wa hewa, iwe ndani ya mapafu, ndani ya masikio au ndani ya jaketi la kuelea, hutokea katika zile mita chache za juu ambazo watu hudhani ni za mchezo. Pange iko yote ndani ya mita hizo.

Vijana wengi wa pwani, hasa waliokulia katika uvuvi wa pweza na kambakoche, wanajua kuzamia kwa kubana pumzi. Ni ujuzi wa thamani, na anayeujua hana hofu ya maji, lakini ndani yake mna mazoea ambayo sharti yaachwe mara mtu anapovaa mtungi. Mvuvi anayezamia kwa pumzi moja huvuta hewa akiwa juu. Hewa hiyo husinyaa anaposhuka na hurudia ujazo wake wa awali anapopanda, bila kuuzidi. Anayevuta hewa ya mtungi akiwa kwenye kina cha mita 8 hujaza mapafu kwa hewa iliyokwisha kugandamizwa, na akibana pumzi huku anapanda, hewa hiyo hutanuka bila kuwa na pa kutokea. Mapafu yaliyojaa kabisa yanaweza kujeruhiwa kwa kupanda mita moja na nusu tu, na viputo vya hewa vikiingia katika damu huweza kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi ni kupumua mfululizo, taratibu, bila kubana pumzi hata kidogo. Regyuleta, yaani kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, ikitoka mdomoni kwa sababu yoyote ile, mzamiaji huachia viputo vidogo kwa kuguna mpaka airudishe. Ningependa kila kijana wa pwani anayeingia katika kazi hii aambiwe jambo hili siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa kifaa chochote.

Mafunzo, afya na umri

Asiye na cheti anaweza kupiga mbizi ya majaribio akiwa na mwalimu pembeni yake muda wote, na kwa utaratibu unaofuatwa na shule nyingi haruhusiwi kupita mita 12. Cheti cha kwanza cha mzamiaji wa baharini humruhusu kufika mita 18 akiwa na mwenzake. Watoto huanza kukubaliwa kwenye kozi hiyo wakiwa na umri wa miaka 10, kwa masharti makali zaidi ya kina na uangalizi. Kabla ya yote hayo hujazwa fomu ya afya, nayo ijazwe kwa ukweli: mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, apate kwanza ruhusa ya daktari. Mjamzito hapaswi kuzamia. Mwenye mafua aahirishe hata kama amekwisha kulipa, kwa kuwa masikio yake hayatazibuka, na dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu akiwa chini.

Kuchagua siku na saa

Hapa mzaliwa wa pwani ana faida, kwa sababu amekwisha kujifunza kuhesabu maji. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hufikia mita 4 hivi. Sehemu ya mwamba iliyokuwa na mita 9 za maji asubuhi huweza kuwa na mita 5 mchana, na maji yote hayo yanayohama hupita juu ya mwamba yakiwa na mkondo. Mzamiaji mpya atafute siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, na aingie muda mfupi kabla maji hayajajaa kabisa. Saa hiyo mkondo hulegea, na kwa kawaida maji huwa maangavu zaidi kuliko yanapotoka, kwa kuwa yanayojaa huja kutoka bahari ya nje na yanayopwa huvuta tope la ufukweni.

Majira nayo yana neno lake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa na joto linalokaribia nyuzi 29 na bahari ya asubuhi mara nyingi hutulia. Kusi ikishika, Juni hadi Septemba, maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi, na ingawa upande wa mji umekingwa, mashua hurudi ikipigwa na mawimbi. Mvua za masika huleta maji ya udongo, na kuona hupungua sana. Nyuzi 25 si baridi kwa mtu aliye nchi kavu, lakini maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, hivyo vazi la mpira la milimita 3 linahitajika kwa yeyote atakayekaa chini kwa dakika 40 au zaidi. Vazi hilo pia humkinga na jua na konyeza, nalo ni bora kwa matumbawe kuliko ngozi iliyopakwa mafuta ya kuzuia jua.

Vifaa na ukaguzi wake

Miwani ya kuzamia ipimwe kwa kuiweka usoni bila mkanda na kuvuta hewa kidogo kwa pua. Ikibaki imeshika usoni, inafaa, na ikianguka, tafuta nyingine. Mapezi yasibane wala yasicheze mguuni. Jaketi la kuelea lijazwe hewa mpaka mwisho, liachwe dakika chache, kisha lisikilizwe kama linavuja.

Ukaguzi wa hewa unastahili subira kubwa zaidi. Fungua koki ya mtungi kabisa, weka regyuleta mdomoni, kisha vuta pumzi nne au tano za nguvu huku macho yakiwa kwenye geji inayoonyesha hewa iliyomo mtungini. Sindano ikitulia palepale, koki imefunguka vizuri. Sindano ikitetemeka au kushuka kwa kila pumzi na kurudi unapoacha, koki imefunguliwa nusu tu, na hewa inayotosha ukiwa juu ya mashua huweza kukosekana ukiwa mita 10 chini. Ionje hewa yenyewe pia: hewa nzuri haina ladha wala harufu. Ikinuka mafuta au moshi, mtungi huo usitumike hata kama ni wa mwisho mashuani na safari imefika. Ujaribu vilevile mdomo wa akiba, ule wa kumpa mwenzako akiishiwa, na uhakikishe kwamba yeye anajua uko wapi na wewe unajua wake uko wapi.

Uzito wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi anavyovaa mzamiaji ili aweze kuzama, hukosewa mara nyingi na wazamiaji wapya, na karibu kila mara hukosewa kwa kuzidishwa. Upime ukiwa majini, mtungi ukiwa umejaa: toa hewa yote kwenye jaketi, baki wima bila kupiga miguu, uwe na hewa ya kawaida kifuani. Maji yanapaswa kufika usawa wa macho, na ukipumua nje uanze kuzama. Kisha ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu hewa ina uzito na mtungi wa lita 12 huwa mwepesi kwa karibu kiasi hicho mbizi inapomalizika. Katika maji ya kina kifupi nyongeza hiyo ni ya lazima, kwa kuwa anayekosa uzito mwishoni atajikuta anaelea juu asipotaka, hapohapo panapopita mashua.

Kabla ya kuruka, kubalianeni ishara. Dole gumba lililoinuliwa, ambalo nchi kavu kwetu ni salamu na maana yake ni mambo mazuri, chini ya maji ni amri ya kupanda juu. Mambo yakiwa sawa, kidole gumba na cha shahada hufanya duara. Kiganja kinachoyumba huku na huku ni tatizo, ngumi kifuani ni hewa iliyobaki kidogo, na kiganja kinachopitishwa shingoni ni hewa iliyokwisha.

Kushuka na kukaa sawa

Shukeni pamoja, miguu ikitangulia, mkifuata kamba ya boya au ya nanga kama ipo. Masikio yazibuliwe kabla hayajauma: bana pua, puliza kwa upole, na urudie kila baada ya nusu mita au mita moja. Yakikataa, panda kidogo, jaribu tena, na usilazimishe. Ngoma ya sikio inaweza kupasuka katika mita hizihizi chache. Asiyeweza kuzibua arudi mashuani bila kuona haya, na mwenzake arudi naye.

Mkifika juu ya mchanga, kaeni hapo kwanza kabla ya kuusogelea mwamba. Hii ndiyo nafasi ya kujifunza kuelea, na Pange ni mahali pazuri kwa kazi hiyo kwa sababu ina mchanga mpana usiodhurika. Tia hewa kidogo sana kwenye jaketi, kisha uliache. Kazi iliyobaki ni ya mapafu. Ukivuta pumzi ndefu, mwili hauinuki papo hapo: hupita sekunde mbili tatu ndipo uanze kupanda, na kadhalika ukitoa pumzi hukawia kushuka. Anayeanza hukosa subira, huongeza hewa wakati mwili uko njiani kupanda, kisha huitoa yote, akabaki kupanda na kushuka mbizi nzima. Tia hewa, subiri, pumua, ndipo uamue. Lala mlalo, mikono imekunjwa kifuani au tumboni, na upige miguu kwa kuifungua pembeni badala ya kuchapa juu na chini, maana chapo moja la pezi huinua mchanga unaotua juu ya matumbawe na kuyaziba.

Usiuguse mwamba. Matumbawe ni wanyama hai, na yale makubwa ya duara hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, hivyo kipande kilichovunjwa na goti kwa sekunde moja ni kazi ya miaka mingi. Matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka vibaya mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, na yamepata joto la namna hiyo tena tangu wakati huo. Yale yanayojaribu kurudi hayana nguvu za kustahimili na sisi. Weka nafasi ya mita moja kati ya tumbo lako na mwamba, hakikisha geji na mdomo wa akiba havining'inii, na kabla ya kushuka mwombe nahodha afunge kwenye boya au atie nanga mchangani. Nahodha mzuri hufanya hivyo bila kuombwa, lakini kuuliza si kosa.

Ukitulia, mengi hujionyesha. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea, tayari katika mita 5 hivi, kwa hiyo sponji inayoonekana ya kijivu hung'aa ikimulikwa tochi. Vitu huonekana vikubwa kwa theluthi na karibu zaidi kuliko vilivyo, jambo la kukumbuka unapokadiria umbali wa pezi lako na tumbawe. Pono utamsikia kabla ya kumwona: huuma mwamba kwa mdomo wake mgumu na mlio wa kukwaruza husikika wazi, kisha nyuma yake hudondoka vumbi jeupe, nao ni mwamba uliosagwa tumboni mwake kuwa mchanga. Sehemu ya mchanga wa ufukwe wetu imetengenezwa hivyo. Tazama pia chini ya vichwa vya matumbawe, ambako taa wa madoa ya buluu hujificha, na kwenye mashimo, ambako mkunga hufungua na kufumba mdomo. Hakutishi, anapitisha maji ili apumue. Kasa ukimwona, usimfuate wala usikae juu yake, kwa kuwa lazima apande kuvuta hewa.

Viumbe vichache vina sumu, na karibu vyote hudhuru kwa kukanyagwa au kushikwa. Samaki jiwe hulala bila kujongea na haonekani kwa asiyemjua. Aliyechomwa naye atumbukize sehemu iliyochomwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, huku akipelekwa hospitali.

Hesabu ya hewa

Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia lita 20 hivi kwa dakika akiwa juu. Kwenye kina cha mita 8, ambako mgandamizo ni bar 1.8, hutumia lita 36. Akiweka akiba ya bar 50, ambayo ni lita 600, hubaki na lita 1,800, nazo zinamtosha dakika 50. Anayeogopa au anayepigana na mkondo anaweza kutumia maradufu, na dakika 50 zikawa 25. Kwa hiyo anza mbizi kwa kwenda kinyume cha mkondo, na rudi ukisaidiwa nao. Geukeni mara wa kwanza kati yenu anapofika bar 100, na anzeni kupanda akiwa na bar 50, kwa kumfuata yule anayetumia hewa nyingi zaidi. Mkipotezana, tafuta kwa dakika moja, kisha panda taratibu. Mwenzako naye atafanya vivyo hivyo, mtakutana juu.

Kupanda

Hatari kubwa ya Pange, kwa maoni yangu, ni mashua. Fungu hili hupokea wageni kutwa, na injini hupita juu ya mwamba bila nahodha kujua kwamba kuna watu chini. Chini ya maji sauti husafiri mara nne zaidi ya kasi yake hewani na hufika masikioni yote mawili karibu pamoja, hivyo utasikia injini lakini hutajua inatoka upande gani. Sambamba na hilo, mita 5 za mwisho ndizo ambamo hewa hutanuka kuliko popote. Simameni kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3. Sheria haiwalazimishi kwa mbizi fupi kama hii, lakini utaratibu huo huwapa nafasi ya kusikiliza, kutazama juu pande zote, na kutuma boya refu la rangi ya chungwa litangulie. Injini ikisikika karibu, bakini hapo mpaka ipite, na hii ndiyo sababu nyingine ya kutunza ile akiba ya bar 50. Kisha pandeni kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine kwenye kitufe cha kutoa hewa ya jaketi, huku mkizunguka taratibu na kupumua.

Mkiwa mashuani, kunyweni maji na kaeni kivulini. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kukohoa damu au uchovu usioelezeka havistahili kusubiriwa hata kama mlifika mita 10 tu: mgonjwa alazwe, apewe oksijeni na apelekwe kwa daktari, na mashua isiyo na mtungi wa oksijeni haikupaswa kuwabeba tangu mwanzo. Siku hiyo usirudi kuzamia kwa kubana pumzi, hata kwa kumtafuta pweza mmoja.

Aliyeizoea Pange anaweza baadaye kwenda kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya iliyojengwa mwaka 1870 na kuzama karibu na Mji Mkongwe mwishoni mwa mwaka 1902, ambayo nayo iko kwenye kina cha mita 12 hivi. Kisiwa cha Chumbe, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994, hakiruhusu mitungi. Huko huendwa kwa miwani na bomba la kupumulia tu. Na anayetaka kurudi Dar es Salaam siku ileile ya mbizi achukue boti. Ndege isubiri saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, hata kama safari yenyewe ya angani ni ya dakika 20.